Sasisho la Saa Nane Usiku

Walilileta usiku, Mabela nzima imelala
na viyoyozi vinadondosha jasho ukutani.
Asubuhi skrini ikaniambia kwa adabu:
gari lako sasa ni bora zaidi.
Nikasoma orodha, kikombe cha chai mkononi.
Breki zimeboreshwa kwa barabara zenye theluji.
Usukani utapata moto upesi zaidi.
Moto! Mwezi wa Juni, Maskati,
mimi ninayeshika usukani kwa ncha za kanga
kama mtu anayeepua chungu.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
marekebisho madogo ya betri.

Jana likijaa lilisema kilomita mia mbili na kumi na mbili.
Leo limejaa, linasema mia moja sitini na nane.
Nikalichomoa, nikalichomeka tena,
kama anayemwamsha mgonjwa amuulize jina lake.
Mia moja sitini na nane.

Sukumaran, fundi wa Wadi Kabir,
akachomeka kompyuta yake yenye plasta pembeni,
akatikisa kichwa, ile tikisa isiyo ndiyo wala siyo.
Betri nzima, mama. Wameifungia chumba kimoja tu,
isichakae, isishike moto.
Umeme umo. Ufunguo wanao wao.

Nikamkumbuka shangazi Thuwaiba, Unguja, enzi za foleni,
alivyofungia kopo la sukari kabatini
na ufunguo kautia sidiriani,
anatwambia: sukari imekwisha.
Lakini ile sukari aliipangia foleni yeye.
Hili gari nimelinunua mimi, mkono wa pili, kutoka Sharja,
kwa bangili nne na mkopo wa miaka mitatu.

Mama akauliza: walikuuliza?
Waliniuliza. Palikuwa na kitufe, Nakubali.
Na ulisoma?
Kurasa arobaini na moja, mama.
Akacheka mpaka akashika mbavu.
Mimi nilipoulizwa kama nakubali
palikuwa na walii, mashahidi wawili, mahari kwenye sinia,
na bado babaako alibadilika kabla ya mwaka.

Ijumaa tukaenda Nizwa kutazama mgonjwa.
Zamani tulifika na chenji.
Safari hii, tulipoipita Samail na njia ikaanza kupanda,
namba zikashuka mbio kuliko kilomita.
Nikazima kiyoyozi. Tukafungua madirisha,
hewa ikaingia kama ya tanuri mwokaji akichungulia mkate.
Mama akavua viatu, akajipepea kwa bahasha ya eksirei,
hakusema neno,
na mama asiposema neno, hiyo ni hotuba.

Izki, asilimia tisa.
Nyuma ya kituo cha mafuta, karibu na wauza matairi,
tukakuta gari kama letu, rangi imepauka,
na mwenyewe, Yaqdhan wa Rustaq, kachutama kivulini mwake.
Lako linasoma ngapi?
akauliza, kama wagonjwa wa sukari wanavyoulizana.
Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kwa heshima.
Yeye hakubali chochote. Alikata waya wa antena
kwa mkasi wa kucha, miaka sita sasa.
Gari lake halijui barabara mpya:
kwenye ramani linaelea jangwani, hakuna njia chini yake,
na kila siku linamfikisha kazini.

Wiki jana ukaja ujumbe wa mwisho.
Magari ya umri huu hayatapokea tena sasisho lolote.
Tunakushukuru.
Nilijitayarisha kukasirika. Hasira haikuja.
Mama akavaa miwani, akausoma mara mbili.
Basi wamechoka kukutengeneza?
Wamechoka, mama.
Alhamdulillahi, akasema, akarudi kwenye bamia zake.

Nimeandika kwa wino, kwenye kipande cha plasta,
nikabandika chini ya skrini: 168.
Itapungua, najua. Betri inazeeka, na mimi pia.
Lakini itapungua mchana, ninaona,
kilomita moja moja, kwa njia niliyoipita mwenyewe.